Mwalimu ukipewa barua ya kufukuzwa kazi, anza na rufaa ya Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) sio CMA

Walimu wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, naandika hii maana inauma kuona mtu anapoteza kazi wakati hoja alikuwa nazo, shida alibisha mlango usio wake. Mwalimu wa serikali anafukuzwa na TSC wilaya, anakimbilia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, miezi inakatika, mwisho anaambiwa hawana mamlaka. Na kweli, mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu cha 32A, mtumishi lazima amalize kwanza rufaa za ndani ya utumishi.

Rufaa yako inaenda TSC makao makuu Dodoma, ndani ya siku 45 tangu upate uamuzi. Kwahiyo siku unayosaini kupokea barua, andika tarehe, piga picha barua na bahasha yake, maana hapo ndo siku zinaanza kuhesabiwa na ukichelewa rufaa inaweza kutupwa hata hoja hazijasomwa.

Ila kazi kubwa iko nyuma kabisa, kwenye hati ya mashtaka, ile karatasi inayotaja kosa unalotuhumiwa kabla ya uamuzi. Usigome kuipokea. Ijibu kwa maandishi ndani ya muda waliokupa, bila kumtukana mkuu wa shule hata kama amekuonea, na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Chukua utoro, yaani kukosa kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa. Uko shule ya ndani huko Makete, mtoto kaugua ukamkimbiza hospitali Mbeya, ukamwambia mkuu kwa simu tu, baadae anakana. Hapo kinachokuokoa ni karatasi za hospitali, meseji za wasapu na kopi ya rejista ya mahudhurio, kwahiyo hata kama umepiga simu, tuma na meseji siku hiyohiyo.

Sasa kwenye rufaa yenyewe, wengi wanajaza kurasa za nina watoto, nina mkopo benki. Naelewa kabisa, lakini weka mbele utaratibu: ulipewa hati ya mashtaka au hukupewa, ulipata muda wa kujibu, ulisikilizwa, ushahidi wako ulipokelewa, adhabu inalingana na kosa? Kila hoja na namba yake, fupi, na inayoonyesha kiambatisho. Ambatanisha hati ya mashtaka, majibu yako na barua ya uamuzi. Nakala moja peleka kwa mamlaka iliyokuadhibu, wagonge muhuri kwako. Ukituma Dodoma kwa EMS ya posta tunza risiti, mimi naiona hiyo risiti ina thamani kama barua yenyewe.

Kama ni mwanachama wa Chama cha Walimu (CWT) nenda ofisi yao ya wilaya mapema, sio siku ya 40.

Tume ikikataa, sheria inakuruhusu kukata rufaa kwa Rais. Hapo napo ukigonga mwamba inabaki Mahakama Kuu, masjala zipo Mbeya na Iringa, ila sio kusikiliza kesi upya, ni mapitio ya kama sheria ilifuatwa, na kibali cha kuyafungua unaomba ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utoke. Hatua hii sasa ndo tafuta wakili, na umpelekee faili lote likiwa limepangwa kwa tarehe.