Kabla Hujakalia Kiti cha Uongozi, Jiweke Sawa Wewe Kwanza

Umeteuliwa, au umechaguliwa, na simu za pongezi hazikatiki. Vizuri. Kabla hujaanza kuitisha vikao, kuna mambo ya kuweka sawa, na yote yanakuhusu wewe mwenyewe: mwili wako, akili yako na watu wa nyumbani kwako. Ya ofisini yatakusubiri, huwa hayaishi.

Kapime presha. Nenda wiki hii, usingoje ukishaizoea kazi. Ikifika 140 kwa 90 na ukaikuta hapo hapo ulipopima siku nyingine, una jambo la kushughulikia. Presha haina kawaida ya kupiga hodi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui. Ukiwa huko huko pima na sukari. Ukiandikiwa dawa, meza. Dawa iliyolala kwenye droo haijawahi kumshusha mtu presha.

Lala. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi, na cheo hakipunguzi hesabu hiyo. Watafiti waliowapima watu waliokaa macho muda mrefu walikuta kwamba baada ya saa 17 hivi bila kulala, wepesi wao wa kutenda ulishuka hadi kulingana na wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa piga hesabu: umeamka saa kumi na moja alfajiri, na saa nne usiku bado uko kikaoni unapitisha bajeti. Dereva wa ofisi akiwa katika hali hiyo ungemnyang'anya funguo. Kwa hiyo jiwekee kanuni kwamba usiku ukishaingia husaini kitu, hujibu barua iliyokuudhi, wala humwachishi mtu kazi. Vyote vitakuwepo asubuhi, na baadhi utashukuru kwamba hukuvigusa.

Saa za kazi ziwe na mwisho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na mwenye saa 35 hadi 40. Ukijisifu kwamba wewe ndiye wa mwisho kutoka, walio chini yako nao hawatathubutu kutoka, na hapo umeshawaambukiza.

Chakula, maji, kutembea: unajua, sikuambii.

Sasa naibu. Hapa usipite haraka.

Nilifanya kazi chini ya mkurugenzi mmoja, mtu tuliyempenda kweli, aliyekuwa anaingia kabla ya mfagizi. Kila hati ilipita mezani kwake: malipo, likizo za watu, hadi maombi ya karatasi za printa. Naibu alikuwepo, jina limebandikwa mlangoni, ila hakuwa na ruhusa ya kusaini chochote chenye fedha. Tulimwona bosi akianza kufoka kwa vitu vidogo, akisoma ukurasa mmoja mara mbili tatu, akisahau alichoagiza jana yake. Tukimwambia apumzike, jibu lake lilikuwa lile lile: "Nani atafanya?" Sisi tukaita kujituma. Kumbe alikuwa ameshajifungia kila mlango wa kutokea.

Kiharusi kilimpata mwisho wa mwezi, mishahara haijatoka. Benki ilimtambua yeye peke yake. Mhasibu akaingia wodini na orodha ya malipo ameificha ndani ya gazeti ili muuguzi asiione. Mkono wa kulia ulikuwa haumtii tena, basi akashika kalamu kwa wa kushoto, akachora kitu kinachoelekea kufanana na sahihi yake, huku mkewe amesimama pembeni hasemi neno. Benki ikairudisha hati: sahihi hailingani na iliyo kwenye kumbukumbu. Mhasibu alipokwenda mara ya pili, muuguzi alimtimua. Mishahara ikaja kulipwa baada ya bodi kukutana na kuteua watia saini wapya, shughuli ambayo ingekwisha asubuhi moja yule bwana akiwa mzima. Yeye hakurudi kazini. Naibu naye akalaumiwa kwa kutofanya mambo ambayo hakuwahi kuruhusiwa kuyafanya.

Kwa hiyo, kabla hujakalia kiti: barua ya kukaimisha madaraka iwe imeandikwa, inasema nani anakaimu na mipaka yake ni ipi. Watia saini benki wawe watatu, wawili kati yao watoshe. Nywila na funguo zijulikane zinatunzwa wapi. Kisha fanya jaribio ambalo wengi wanalikwepa: chukua likizo ya wiki nzima ukiwa na afya yako, zima simu. Kitakachokwama ndicho cha kurekebisha ukirudi. Kisipokwama kitu, usinune.

Inawezekana, hata kwa wenye nchi mkononi. Mwaka 1998 waziri mkuu wa Norway, Kjell Magne Bondevik, alitangaza hadharani kwamba ana sonona, akaenda likizo ya ugonjwa, waziri mwenzake akakaimu. Akarudi baada ya wiki chache, na mwaka 2001 akawa waziri mkuu tena. Linganisha na Marekani mwaka 1919: Rais Woodrow Wilson alipopigwa na kiharusi, wananchi walifichwa uzito wa hali yake, na mkewe Edith akawa ndiye anayeamua shauri lipi limfikie na lipi lisimfikie. Nchi hiyo ilikuja kuwa na utaratibu kamili, ulioandikwa kwenye katiba, wa rais asiyejiweza mwaka 1967.

Uwe pia na mtu mmoja asiye chini yako kikazi, anayeweza kukutazama usoni na kukuambia umechoka. Wa chini yako hawatakuambia, watakuambia umependeza. Mpe dalili za kuangalia: umeishiwa nguvu hata baada ya kulala, kazi uliyokuwa unaijali sasa unaiona kero, na unajiona hufanikishi lolote kazini. Hizo tatu, zikiletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu, ndizo Shirika la Afya Duniani linazotumia kueleza uchovu wa kupindukia wa kazini.

Mengine ni ya kawaida. Nyumbani waambie mapema ratiba itabadilikaje. Simu isilale kitandani kwako. Dawa za usingizi usimeze za kuombaomba kwa marafiki, na pombe usiifanye ndiyo ya kukulaza. Kifua kikikubana, uso ukipinda, ulimi ukiwa mzito au upande mmoja ukifa ganzi, usiseme ngoja tumalize ajenda. Nenda hospitali hapo hapo, na usiendeshe gari mwenyewe.