Jinsi ya kupanga muvi za John Carpenter na mbogi yenu bila kurushiana viti

Kama mbogi yenu hupenda muvi za kuogofya, lazima siku moja mtu aulize ni gani kali kuliko zote za John Carpenter, yule dairekta Mmarekani, na hapo ndio kelele inaanza. Mmoja anasema Halloween juu hio ndio anajua, mwingine anasema The Thing juu alisikia mahali ati hio ndio jibu la wajuaji, na wa tatu hajaona hata moja lakini sauti yake ndio kubwa. Huku Kisumu ubishi tunao wa kutosha, Gor tunabishana, siasa tunabishana, bei ya omena tunabishana, so siwezi kuwaambia mnyamaze. Nawaonyesha tu vile mtu anaweza kubishana akiwa na kitu mkononi.

Kwanza kubalianeni ni nini inahesabika, na mfanye hivyo kabla ya muvi yoyote kuwekwa. Carpenter ako na muvi 18 za sinema, kuanzia Dark Star ya 1974 mpaka The Ward ya 2010. Za TV weka kando, hata Elvis ya 1979 na vile Kurt Russell alivyoiweza. Halloween zingine zote toa. Kuna mtu atalia Halloween II ya 1981 iingie juu Carpenter aliiandika na Debra Hill, mwambie kuandika si kudairekti, na ile ya 2018 pia hakuidairekti, alipiga muziki na kijana wake Cody pamoja na Daniel Davies. Alafu kwa zile 18 toa zenye si za kuogofya: Starman ni ya mapenzi, Escape zote mbili (from New York na from L.A.) ni akshoni, Big Trouble in Little China ni vituko, Memoirs of an Invisible Man hata sijui ni nini. Assault on Precinct 13 inaniuma kuitoa lakini ikiingia hio, kesho mtu ataleta Dark Star. Mnabaki na 11 ukihesabu They Live, na mimi naihesabu.

Sasa kuziona. Hapa ndio watu huharibu mambo, wanaona moja kwa simu kwa matatu ya Kondele, nyingine wakiwa wamelala nusu, alafu wanakuja kupanga nambari. Carpenter huyo hapana. Jamaa alikuwa anatumia skrini pana sana, ile shepu ya upana wa sinema, na kuanzia Assault hajaiacha. Kwa Halloween yeye na Dean Cundey, yule wa kamera, wanaficha vitu pembeni kabisa: msichana anaongea katikati na Michael, yule muuaji wa maski, amesimama kando ya ua huko mwisho wa picha. Ukibonyeza TV ama simu ijaze kioo chote, umemkata Michael nje ya muvi na utasema ati haiogofyi. Ile mistari nyeusi juu na chini iacheni hivyo hivyo. Na kama jamaa wa muvi shop anawatilia kwa fleshi, mwambieni awape kopi pana, si ile ilikatwa ikae mraba ya TV za zamani, ziko nyingi bado zinazunguka.

Kitu kingine ni saundi. Sisi wengi tumekuzwa na muvi za DJ Afro na sitaki mtu anitukane, lakini Carpenter usimwone na mtu akitafsiri juu yake. Muziki mwingi anapiga mwenyewe na ndio nusu ya kazi. Chukua ile ya Halloween, weka peke yake bila picha, alafu gonga meza ukihesabu. Ukihesabu nne nne kama nyimbo tumezoea utapotea, mpaka uhesabu tano: moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano. Mwili unangoja ile raundi iishe kwa nne, haiishi, inakuongezea pigo moja, ndio maana huwezi kutulia hata kama kwa skrini ni barabara tu na miti. Fanyeni hio zoezi na mbogi yote kabla ya kuanza, hata yule wa kelele atanyamaza kidogo. Wufa iwe na besi, si lazima iwe kubwa. Na stima ikipotea katikati, hio muvi haijaonwa, mnaianza tena siku ingine, hakuna kumalizia kwa simu.

Mpangilio wa kuziona: usianze na The Thing. Ukianza na hio zingine zote zitaonekana dhaifu na mtazipanga kwa hasira. Anza Halloween ya 1978, fuata The Fog ya 1980, ndio uje The Thing ya 1982, alafu mpumzike na Christine ya 1983. Prince of Darkness ya 1987 na In the Mouth of Madness ya 1994 ziwekeni wiki mbili zinazofuatana, juu Carpenter mwenyewe huziita familia moja na The Thing, tatu zote za dunia kuisha. They Live ya 1988 iwekeni penye mnataka, inafurahisha wakati wowote. Tahadhari moja tu kwa Prince of Darkness: iko na kanisa, iko na chupa kubwa ya maji ya kijani kwa besmenti ya hilo kanisa, na hayo maji ndio Shetani mwenyewe. Msiiweke kwa sitting room ya mama mwenye kalenda ya kanisa ukutani. Atazima TV, na atakuwa na haki.

Sheria yetu kubwa ni hii: hakuna mtu anapatia muvi nafasi bila kutaja sini moja. Si "ilinibamba", si "kila mtu anajua". Sini. Ilianza wapi, kamera ilikuwa wapi, nani alijua nini na nani hakujua. Ukishindwa kutaja, kura yako inalala.

Nionyeshe vile inafanywa. Mimi The Thing naiweka nambari moja na sini yangu ni ya damu. Wanaume wako kambi ya utafiti Antaktika, kiumbe kinaweza kujigeuza mtu yeyote, na hakuna anayejua nani bado ni mtu. MacReady, mhusika mkuu, anaamuru wenzake wafungwe kwa viti, kila mtu anakatwa kidole, damu inawekwa kwa kisahani, alafu anachoma waya kwa moto na kuuzamisha kwa damu ya kila mmoja. Wazo lake ni kwamba kila kipande cha hicho kiumbe ni mnyama mzima, kwa hivyo damu yenyewe itajaribu kujiokoa. Visahani vya kwanza, hakuna kitu, waya inalia tu tsss. Hakuna muziki. Na angalia ujanja: MacReady akiwa anajaribu kisahani cha Palmer, mdomo wake uko kwa mtu mwingine kabisa, anabishana na Garry, Garry anasema hii haithibitishi kitu, na wewe pia macho yako yamemfuata Garry. Waya inaguza damu ya Palmer wakati hakuna anayeitazama. Inaruka. Dakika zote hizo alikuwa ameketi hapo katikati ya wenzake, mpole, amefungwa kama wao. Rob Bottin aliyetengeneza hayo madude alikuwa kijana wa miaka 22 hivi na alifanya kazi mpaka ikabidi alazwe hospitali kwa uchovu, lakini hio sini haihitaji dude, inahitaji kisahani na waya. Sasa wewe unayesema Halloween ni nambari moja, leta yako.

Na anaweza kuleta. Jamaa yangu mmoja huleta ile karibu na mwisho, Laurie, msichana anayewindwa na Michael, amesimama ukutani akilia, kando yake kuna mlango wa chumba chenye giza totoro. Hakuna kitu kwa hilo giza. Alafu polepole, bila mlio, uso mweupe unaanza kutokea, kwanza unafikiri ni macho yako, kumbe ni taa imeongezwa kidogo kidogo. Ile maski ni ya Captain Kirk wa Star Trek, ilinunuliwa kwa bei isiyofika dola 2, wakaipaka rangi nyeupe wakapanua macho. Muvi yote ilitumia kama dola 300,000 na ikaingiza karibu milioni 70. Ukiletewa hio sini lazima ukune kichwa, na hapo ubishi umekuwa mtamu juu mnaongea kuhusu giza na taa, si kuhusu nani ni mjuaji.

Pesa hata hivyo msiziweke kwa mizani. Mtu akisema Halloween ni bora juu iliuza, mwulizeni kuhusu Juni 1982. The Thing ilitoka tarehe 25, siku moja na Blade Runner, wiki mbili baada ya E.T., na watu walikuwa wanataka mgeni wa angani mwenye huruma, sio wa kupasuka kifua. Iligharimu milioni 15 na Marekani ikaingiza kama 19, ambayo kwa sinema ni hasara, wahakiki wakaichana vibaya na Carpenter akanyang'anywa kazi iliyokuwa inafuata. Leo hio hio ndio watu wanabishania nambari moja. Kwa hivyo hesabu ya tiketi na maneno ya wahakiki wa mwaka huo ni stori nzuri za kupiga mkingoja chai, basi.

Wakati wa kupanga wenyewe msianze na nambari. Gawanyeni mafungu matatu: zenye mtu angeona tena kesho, zenye angeona kama ziko tu, na zenye hatarudia hata alipwe. Fungu la kwanza huwa halina shida, nyingi mtakubaliana. Langu liko na The Thing, Halloween, In the Mouth of Madness, They Live na Prince of Darkness, kwa hio mpangilio. Vita iko hapo kwa tatu na tano. In the Mouth of Madness iko na Sam Neill kama mpelelezi wa bima, mtu wa kutoamini kitu, anatumwa kutafuta mwandishi aliyepotea, na muvi inamla uhakika wake kipande kwa kipande mpaka wewe mwenyewe hujui nani anaandika nini. Prince of Darkness inaogofya zaidi kwa sini moja moja, zile ndoto zinazokuja kama video mbovu kutoka 1999, bana, hizo hulali. Lakini katikati kuna wanafunzi wanaongea fizikia mpaka unaenda kutafuta njugu. Ndio maana naiweka chini, na kuna mtu kwa mbogi yetu hajanisamehe.

They Live watu husema si ya kuogofya. Labda. Jamaa wa mjengo anaokota miwani meusi, akivaa anaona mabango yote ya barabarani yanasema TII, OA UZAE, NUNUA, na matajiri wengine wana sura za mafuvu. Vaa hio miwani akilini wakati wa kampeni, tembea Oginga Odinga Street ukiangalia mabango, alafu uniambie si ya kuogofya. Sini ya kutaja ni ile ngumi ya zaidi ya dakika 5 kwenye uchochoro kati ya Roddy Piper, ambaye alikuwa mwanamieleka wa ukweli, na Keith David, na wanapigania tu huyu mwingine avae miwani. Wageni hucheka. Acha wacheke, alafu uliza: ni mara ngapi umejaribu kumwonyesha mtu kitu cha wazi na akakataa kabisa hata kutazama?

Fungu la katikati ni The Fog, Christine na Vampires, na msipoteze usiku hapo. The Fog iko juu kwa sababu ya ukungu na ule mzee wa mwanzo anayepigia watoto stori ufukweni, sini ambayo Carpenter aliiongeza baadaye alipoona kopi ya kwanza ya hio muvi haishiki. Watu wa ziwani wataielewa haraka, ukungu ukitoka majini ukiwa na kitu ndani. Christine ni gari, Plymouth Fury ya 1958 inayojinyoosha yenyewe ikipondwa, walivuta bodi ndani kwa mashini alafu wakarudisha filamu nyuma. Nzuri, lakini stori ya kijana mwenyewe inachelewa.

Chini kabisa kuna Village of the Damned ya 1995, Ghosts of Mars ya 2001 na The Ward. Hapa pigeni kura ya mkono tu. Mimi mkia naupatia The Ward, na sababu ni ile ile ya sini: nimeiona yote na sina hata moja ya kutaja. Ghosts of Mars ni mbovu, sikatai, lakini iko na magitaa ya kelele na watu wakipigana kwa mji wa machimbo huko Mars, kuna kitu ya kuchekea. Mwenye anataka kuitetea zaidi ya hapo apewe dakika mbili, alafu mtu aandike listi kwa karatasi na tarehe, apige picha aitume kwa grupu usiku huo huo, juu kesho kila mtu atakuwa anasema yeye hakupiga hio kura.