Jinsi ya Kutambua Matoleo ya Rivolva za Kale: Mwongozo kutoka Tanga

Mzee mmoja wa Ngamiani alifungua kanga iliyokunjwa mara nne, akaniambia, "Mwanangu, hii babu yangu aliiokota Ras Kasone, Waingereza walipokimbilia merikebuni mwaka 1914." Ndani yake mlikuwa na Webley, rivolva ya Kiingereza (yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka), yenye mtutu wa inchi 6 na mpini wa kona za mraba, na ubavuni pa fremu pamegongwa mwaka 1917. Vita vya Tanga, kati ya Waingereza na Wajerumani, vilipiganwa kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, kwa hiyo bastola ile ilikuwa bado haijatengenezwa. Nilimwonyesha tarakimu zile kwa taa, naye akazisoma mwenyewe kwa sauti. Tangu siku hiyo, kila ninapoletewa rivolva ya kale nianze kuitambua, huanza na chuma chenyewe, kisha ndipo nikasikiliza hadithi.

Kabla ya yote, hakikisha silaha haina risasi: fungua silinda na utazame kila tundu kwa macho yako, hata kama mwenyewe amekuapia kwamba ni tupu. Kumiliki silaha ya moto nchini kunahitaji kibali, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha za moto na risasi, na umri wa bastola usimfanye mtu adhani kwamba amesamehewa. Aliyeikuta katika sanduku la marehemu aende polisi kwanza, atoe taarifa na kuomba mwongozo, ndipo mambo ya matoleo yafuate.

La pili, usisugue. Nimeona bastola nzuri iliyopigwa msasa, kisha majivu na ndimu, hadi alama zote za ubavuni zikabaki kama kivuli. Iling'aa, lakini haikuweza tena kueleza ilikotoka. Hewa ya bahari ya huku kwetu huleta kutu upesi, na dawa yake ni kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya cherehani. Mafuta ya nazi yaache jikoni, kwani baada ya muda huganda na kunata. Alama iliyofifia isome kwa kulaza tochi ubavuni mwa chuma, ili mwanga upite juu juu na mashimo ya herufi yatupe vivuli. Pakisalia utata, paka unga wa chaki na ufute taratibu, nao utabaki ndani ya herufi.

Webley za jeshi la Uingereza za kipimo cha .455 zilitolewa kwa matoleo sita, yakianzia Mk I (Mk ni kifupi cha Mark, yaani toleo) ya mwaka 1887 na kuishia Mk VI iliyokubaliwa Mei 1915. Zote huvunjika katikati kwa bawaba, na zinapofunguliwa, nyota ya chuma huinua maganda yote sita kwa pamoja. Tofauti ya kwanza ya kuitazama ni mpini: kuanzia Mk I hadi Mk V umepinda na kuishia kwa ncha kama mdomo wa ndege, ilhali wa Mk VI ni mnene na una kona za mraba. Mtutu wa kawaida wa matoleo ya mwanzo ni wa inchi 4 na wa Mk VI ni wa inchi 6, lakini urefu peke yake usikudanganye, kwa sababu baadhi ya bastola za mwanzo zilitolewa na mitutu mirefu au zikabadilishiwa baadaye. Mk V ya mwaka 1913 ndiyo inayowachanganya wengi: inafanana sana na Mk IV ya mwaka 1899, ila silinda yake ni pana zaidi kidogo ili ihimili baruti isiyo na moshi. Hapo jicho halitoshi. Pima, kisha usome namba ya toleo iliyogongwa kwenye chuma. Ukiona kinyota baada ya namba hiyo, fahamu kwamba bastola ilifanyiwa marekebisho baada ya muundo wake wa kwanza.

Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha huonyesha kwamba silaha iliuzwa nje ya jeshi. Kukosekana kwa mshale si dalili ya udanganyifu, maana maofisa wengi walijinunulia bastola zao wenyewe. Mk VI iliyogongwa jina la Enfield ni ya baada ya vita, kwani kiwanda hicho kilizitengeneza katika miaka ya 1920.

Upande wa Wajerumani, rivolva zao za jeshi za milimita 10.6 ni mbili: ya 1879 yenye mtutu mrefu wa takriban sentimita 18, na ya 1883 yenye mtutu mfupi zaidi. Hizi hazivunjiki katikati. Risasi huingizwa moja moja kupitia kidirisha cha upande wa kulia, na hazina kifaa cha kutolea maganda. Tafuta jina la Erfurt au la mafundi wa Suhl, miji ya Ujerumani zilikotengenezwa.

Mwisho linganisha namba za fremu na za silinda. Zisipolingana, silinda ni ya bastola nyingine. Tazama pia sehemu ya nyuma ya silinda ya Webley: nyingi zilizopelekwa Marekani zilinyolewa hapo ili zitumie risasi za .45 za huko.

Kwenye kadi ya bastola ya mzee yule niliandika: Webley Mk VI, 1917, mtutu inchi 6, mshale mpana mmoja, namba zinalingana. Chini yake, kwa wino tofauti, nikaandika maneno ya babu kama yalivyosimuliwa, pamoja na jina la Ras Kasone.