Ukienda kuwasaidia wanabiolojia kwenye ardhioevu

Anza na gambuti zako, siku moja kabla. Zisugue kwa brashi mpaka tope lote litoke kwenye mistari ya soli, zipitishe kwenye dawa ya kuua vijidudu, kisha ziache zikauke kabisa. Usilione jambo dogo. Kuna kuvu aina ya kitridi inayoshambulia ngozi ya vyura, nayo husafiri katika tope bichi kutoka bwawa hadi bwawa. Chura hunywa maji kwa ngozi yake na hupumua kwayo pia. Ngozi ikiharibika, chumvi za mwilini hupotea na moyo husimama. Kama mtashika vyura, mikono isiwe na dawa ya mbu. Badala yake, vaa shati la mikono mirefu.

Beba penseli, kwa maana wino hutiririka karatasi ikilowa.

Kundi kubwa la bata usilihesabu mmojammoja. Hesabu kumi, shika machoni nafasi waliyoijaza, halafu ipime nafasi hiyo juu ya kundi zima. Taja idadi kwa sauti, mwenzako aandike, ili macho yako yasitoke kwenye darubini.

Na usipoona kitu, andika sifuri. Safari yangu ya kwanza nilipita vituo 12 vya kuhesabia ndege. Vitatu havikuwa na ndege hata mmoja, nikaviacha wazi kwenye fomu. Jioni kiongozi wetu akauliza: "Hapa hukuona ndege, au hukufika?" Nilikuwa nimefika, lakini saa sikuandika, na kituo kipi kilikuwa kipi sikukumbuka. Vikaondolewa vyote vitatu. Iliniuma, maana bwawa lililohamwa na ndege ndilo walilohitaji kulijua kuliko yote. Sasa naandika saa, upepo na sifuri kabla sijainua mguu.

Nyavu za kunasia ndege hukaguliwa kila baada ya dakika 20 au 30, na jua likiwa kali, mapema zaidi. Mvua ikianza zifungwe. Kama hujafundishwa kumtoa ndege wavuni, usimguse, ita. Kazi yako ni kubeba mifuko ya kitambaa yenye ndege ndani hadi mezani, wanapovishwa pete za utambulisho mguuni. Itundike, usiiweke chini, maana mtu ataikanyaga.

Ndege akikuzunguka kichwani huku akilia, huenda kiota kiko karibu na miguu yako. Simama, tazama chini, urudi kwa nyayo zako zilezile.