Galaksi ipi ndiyo yenyewe? Kufuatilia chanzo cha redio cha mbali kwa laptopu

Kazi inayonilisha ni upimaji wa ardhi, hapa Dodoma. Galaksi ni za usiku, watoto wakishalala na mtandao ukishapata nafasi. Nasema hivi mapema ili usije ukadhani unahitaji darubini au digrii ya fizikia. Laptopu ya kawaida inatosha, bando la wastani, daftari, na ubishi kidogo. Picha za anga kutoka darubini kubwa za dunia ziko wazi kwa kila mtu, na kipande cha anga unachokihitaji ni kidogo, hakikumalizii bando.

Swali lenyewe ni hili. Darubini ya redio imeona angani chanzo cha mawimbi ya redio chenye nguvu kubwa mno, mara nyingi mawingu mawili yanayotazamana. Mawingu hayo yamelishwa na michirizi inayorushwa kutoka kando ya shimo jeusi lililo katikati ya galaksi. Galaksi ipi? Watu hukimbilia kutaka kujua uzito na umri wake kabla hawajathibitisha kwamba waliyoishika ndiyo yenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo kazi ilipo. Hata Cygnus A, chanzo kilichojulikana tangu miaka ya 1940, hakikupata galaksi yake hadi Graham Smith wa Cambridge alipotoa mahali pake kwa usahihi mwaka 1951. Ndipo Walter Baade na Rudolph Minkowski wakaiona kwa darubini ya mwanga ya Palomar, Marekani, wakachapisha mwaka 1954. Darubini kubwa ilikuwepo. Kilichokosekana ni koordineti.

Basi tuanze na koordineti. Mpimaji yeyote Tanzania anajua balaa la kuchanganya Arc 1960 na WGS84, mifumo miwili ya koordineti za ardhi: bikoni inahama karibu mita 300 na jirani anakupeleka barazani. Angani nako ni vilevile. Katalogi za zamani zinatumia B1950, picha za sasa J2000, yaani koordineti za anga za mwaka 1950 na za mwaka 2000. Chukua MRC 1138-262, ile wanayoiita Galaksi ya Utando wa Buibui. Namba zilizo kwenye jina ni saa 11 dakika 38 na nyuzi -26.2, na hizo ni B1950. Kwa J2000 chanzo kiko saa 11 dakika 40 sekunde 48, nyuzi -26 dakika 29. Ukichapa namba za jina kama zilivyo, utakuwa umetazama zaidi ya nusu digrii pembeni, kupita upana wa Mwezi mpevu. Kwa hiyo usisome mahali kutoka kwenye jina. Andika jina kwenye SIMBAD au NED, hifadhi za mtandaoni za majina na mahali pa vitu vya angani, nakili koordineti za J2000, na uandike daftarini umezitoa wapi.

Halafu pakua Aladin, programu ya bure ya kituo cha data za anga cha Strasbourg, Ufaransa. Weka koordineti, fungua picha ya redio, kisha chini yake picha ya mwanga wa kawaida (Pan-STARRS kwa kaskazini hadi nyuzi -30, au DSS kwa anga yote). Igeuze picha ya redio iwe kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye nguvu sawa. Kontua ya kwanza iwe mara tatu ya kelele ya picha, kila inayofuata iwe maradufu ya iliyotangulia. NVSS, kwa mfano, ambayo ni ramani ya redio ya anga, ina kelele ya milijansky 0.45 hivi (jansky ni kipimo cha nguvu ya redio inayotufikia), kwa hiyo anza na 1.4. Ukianza chini ya hapo utachora vivuli vya kelele na kuviita michirizi.

Angalia pia ukali wa picha. NVSS inaona kwa sekunde 45 za pembe (sekunde moja ni 1/3600 ya digrii), na ramani nyingine za redio, FIRST kwa 5, VLASS kwa 2.5. Utando wa Buibui, ambao haufiki hata sekunde 20 kutoka ncha hadi ncha, kwenye NVSS ni doa moja tu, na ndani ya doa hilo galaksi za kugombania ni nyingi. Kwenye VLASS ndipo doa linaanza kupasuka vipande. NVSS nzuri kwa kupima nguvu. Kwa kuonyesha mahali, iache.

Ukishapata umbo, tafuta kiini, doa dogo la redio pale galaksi yenyewe ilipo. Mwaka 1974 Bernard Fanaroff wa Afrika Kusini, ambaye miaka mingi baadaye aliongoza mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA nchini kwake, aligawa vyanzo hivi pamoja na Julia Riley katika aina mbili. Vyenye nguvu kubwa, aina ya pili, hung'aa zaidi kwenye ncha. Galaksi haiko kwenye ncha hizo. Iko kati yao, na si lazima iwe katikati kabisa, kwa sababu upande mmoja unaweza kuwa mrefu kuliko mwingine. Kiini huonekana vizuri kwenye masafa (frikwensi) ya juu, maana mawingu hufifia haraka zaidi masafa yakipanda. Kikionekana, nenda nacho. Usivutwe na galaksi nzuri yenye mikono iliyokaa jirani. Mara nyingi hiyo ni ya karibu, imepita njia tu.

Unajuaje chanzo kiko mbali kabla ya kukiona? Pima mteremko, yaani jinsi nguvu inavyoshuka masafa yakipanda. Tuseme kina jansky 2 kwa megahezi 150 (utazipata kwenye TGSS, ramani nyingine ya redio) na 0.1 kwa megahezi 1400 (NVSS). Uwiano ni 20, logi yake 1.30. Masafa, 1400 kwa 150, logi yake 0.97. Gawanya: 1.34, weka alama ya kutoa. Vyanzo vyenye mteremko mkali kuliko -1.3 vimewapa wanaastronomia galaksi nyingi za redio za mbali sana. Ni kichujio, si ushahidi.

Sasa jiandae kuona giza. Chanzo cha mbali kweli mara nyingi hakina kitu kwenye Pan-STARRS, na mimi hapo ndipo hufurahi. Mwanga wa nyota zake umenyooshwa hadi infraredi, kwa hiyo hamia kwenye picha za infraredi za WISE na za bendi ya K, mikroni 2.2. Mwaka 1984 Simon Lilly na Malcolm Longair walionyesha kwamba galaksi za redio zinafuata mstari mmoja: kadiri zilivyo mbali, ndivyo magnitudi ya K (namba inayopanda kitu kikififia) inavyopanda kwa mpangilio. Kwa z ya 1 (z ni kiasi mwanga ulivyonyooshwa: urefu wa wimbi unaopokewa ugawe kwa wa asili, kisha toa 1) tegemea K ya 17.4 hivi, kwa z ya 2 karibu 18.7, kwa z ya 3 karibu 19.5. Galaksi ndogo haingeng'aa hivyo kutoka huko. Hizi ni nzito, nyota zake zina uzito wa Jua mara bilioni mia na zaidi.

Tahadhari moja nzito. Mwaka 1987 iligunduliwa kwamba mwanga wa galaksi hizi kupita z ya 0.6 hivi huelekea kujipanga kwenye mhimili wa redio. Sehemu ya mwanga huo si nyota: ni gesi inayong'aa, au mwanga wa kiini kilichofichwa unaotawanywa na vumbi. Usiupime wote ukauita nyota. Na 3C 368, mfano maarufu wa kujipanga huko, ilikutwa mwaka 1991 na nyota ya Njia Nyeupe yetu imekaa karibu kabisa na kitovu chake. Ukiona doa kali mno, la mviringo kama nyota zilizo kando, lishuku.

Mwisho ni spektra, mwanga uliotandazwa kwa rangi zake. Hii huwezi kuipiga mwenyewe, lakini hifadhi za SDSS, DESI na ESO ziko wazi. Tafuta mistari miwili ya gesi inayong'aa, si mmoja. Mstari ulioko nanomita 745.4 unaweza kuwa wa oksijeni, ambao asili yake ni 372.7, na z ikawa 1.00. Unaweza pia kuwa Lyman-alfa, mstari wa hidrojeni wenye asili ya 121.6, na z ikawa 5.13. Kama ni oksijeni, magnesi itatokea karibu na 560. Kama ni Lyman-alfa, upande wake wa bluu huwa umekatwa, na kaboni utaisubiri karibu na 950. Usipoona chochote kati ya hivyo, andika z zote mbili daftarini, weka alama ya kuuliza, na ufungue chanzo kinachofuata.