SOMO: Kusoma CT scan ya kifua cha majeruhi kabla ripoti haijatoka

Wakuu, naandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena inboksi nitume kiungo tu. Ni kwa madaktari tarajali: usiku umeletewa majeruhi wa bodaboda, na ripoti ya radiolojia ni mpaka asubuhi.

1. Presha haishiki, au upande mmoja wa kifua hauingizi hewa? Huyo hapelekwi CT. Toa hewa, weka mrija, piga altrasaundi palepale kitandani.

2. Kanula (mrija wa mshipani) geji 18, mkono wa kulia.

3. Kontrasti (dawa ya mshipani inayong'arisha mishipa kwenye picha) iwepo, vipande vya picha viwe vyembamba: milimita 1 hadi 1.5.

4. Dirisha la mapafu (dirisha ni mpangilio wa mwangaza wa picha, kwa vizio vya Hounsfield, yaani kipimo cha CT cha jinsi tishu inavyozuia mionzi): upana 1500, kati -600. Amelala chali, hivyo hewa iliyovuja itafute mbele. Ukungu usiofuata mipaka ya vipande vya pafu ni mchubuko wa pafu.

5. Dirisha la tishu laini: upana 400, kati 40. Kaa hapa. Kwa majeruhi anayefika hospitali akiwa hai, aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) ikijeruhiwa huwa mara nyingi ni pale upinde unapoishia, baada tu ya tawi la mkono wa kushoto. Tafuta kivimbe chenye kona kali, utando unaoelea ndani ya mshipa, na damu iliyoukumbatia.

ONYO: Hapohapo kuna watu wana kivimbe cha kuzaliwa nacho. Hicho ni laini, kona zake butu, pembeni hakuna damu. Usimwamshe daktari wa upasuaji kwa ajili yake.

ONYO: Mzizi wa aota hutikiswa na mapigo ya moyo, ukaonekana una kuta mbili. Mstari ukivuka ukuta na kuendelea nje ya mshipa, ni kivuli tu.

ONYO: Damu katikati ya kifua, lakini mafuta yanayoizunguka aota ni safi? Chanzo huenda si aota: geukia vimishipa vidogo, kidari na uti wa mgongo.

6. Kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hakisomwi kwa vipande vya kukata mlalo peke yake. Fungua picha za mbele na za ubavuni. Tumbo la chakula likipanda kifuani huku limebanwa kama gunia lililofungwa katikati, kiwambo kimechanika.

7. Mifupa. Mbavu 3 zinazofuatana, kila moja imevunjika sehemu 2 au zaidi: kifua kinapepea. Mtazame anavyohema.

MASWALI

Tarajali_Kanda: Mkuu, kwani X-ray haitoshi?
Jibu: X-ray ipigwe, ni ya haraka. Ila ya mgonjwa aliyelala huficha hewa na damu kidogo.

Dokta Mpole: Naomba unisomee hii. [picha]
Jibu: Filamu imepigwa kwa simu dirishani, na jina la mgonjwa linasomeka. Ifute kwanza. Kisha rudi hatua ya 4, uniambie WEWE umeona nini.

Dokta Mpole: Nilidhani tunasaidiana.
Jibu: Ndiyo. Futa.

Mama Mionzi: Kwa nini mkono wa kulia? Sisi tunachoma popote mshipa unapoonekana.
Jibu: Swali zuri, dada. Mshipa wa kutoka mkono wa kushoto hupita mbele ya matawi ya upinde wa aota. Kontrasti nzito ikijaa humo hurusha michirizi juu ya mahali unapotaka kuona. Kulia ukikosa, choma kushoto, ila mjulishe msomaji.

Mama Mionzi: Ahsante. Na maji ya kifuani, nitajuaje ni damu?
Jibu: Weka kiduara cha kupimia mbali na ubavu. Maji matupu huwa karibu na 0 kwa vizio vya Hounsfield, damu mbichi kama 35 hadi 70, iliyoganda hupanda zaidi.

Zamu_Usiku: Tusubiri kreatinini (kipimo cha figo) kabla ya kontrasti?
Jibu: Kwa anayeweza kufa usiku huu, hapana.

Zamu_Usiku: Programu ya kufungulia CD za picha hizi nyumbani? Kompyuta yangu inakataa.
Mama Mionzi: Weasis, ni ya bure. Mwenye Mac ajaribu Horos. Nakili faili kwenye kompyuta kwanza, ukifungulia kwenye CD utakesha.