Jinsi ya kuachana na kisomaji kizito cha PDF kwenye kompyuta ya steshenari

Siku majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yanapotoka, steshenari yangu hujaa kabla ya saa tatu asubuhi. Kila mzazi anataka kitu kimoja: fomu ya maelekezo ya kujiunga, ile yenye orodha ya sare, godoro na ndoo, iprintiwe aondoke nayo. Miaka kadhaa iliyopita, siku kama hiyo, mama mmoja alinipa flashi yake nikabofya faili. Kisomaji kikaonyesha nembo. Kikaomba niingie kwa akaunti. Nikafunga kidirisha hicho, kikaleta kingine cha kujisasisha, halafu kompyuta nzima ikaganda. "Mwanangu, gari litaniacha," alisema, na kweli akachukua flashi yake akaondoka. Faili lile lilikuwa la kurasa 9.

Iliniuma, kwa sababu kompyuta haikuwa na kosa. Kompyuta ile ile, yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2 na diski ya kizamani, ndiyo ninayoprintia mpaka leo, na sijaiongezea kifaa chochote. Nilichobadilisha ni programu ya kufungulia PDF tu. Nakuandikia hapa nilivyofanya, pamoja na mahali nilipokosea, ili wewe usipoteze wateja kama mimi.

Jambo moja la kujua kabla hatujaanza. PDF ilitoka kwa kampuni ya Adobe mwaka 1993, lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, namba 32000. Kwa hiyo yeyote anayejua kuandika programu anaruhusiwa kutengeneza kisomaji chake, na wengi wamefanya hivyo. Hulazimiki kutumia kile ulichokikuta kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Andika unachofanya, siku tatu

Chukua daftari. Kila ukifungua waraka, andika umeufanyia nini: umeusoma, umeuprinti, umeujaza, umeusaini, umeuhariri. Usikisie kwa kukumbuka, maana mimi nilikisia nikajidanganya. Nilidhani nahariri PDF kila siku, kumbe daftari likanionyesha ukurasa mzima wa "fungua, angalia, printi", na mistari michache tu ya fomu za kujazwa kwenye kompyuta. Kuhariri hakukuwemo kabisa. Mteja anayetaka kubadilisha CV yake huja na faili la Word.

Programu kubwa za PDF hubeba karakana nzima: kuhariri, kusaini, kuhifadhi mtandaoni, kuendesha amri za JavaScript zilizofichwa ndani ya faili, kujisasisha zenyewe. Ukitaka kutazama ukurasa mmoja, milango yote ya karakana inafunguliwa na RAM inaliwa. Daftari lako ndilo litakalokuambia kama unaihitaji.

Hatua ya 2: Pima ulichonacho

Tafuta faili gumu la kupimia. Zuri zaidi ni lililoskaniwa, kurasa 40 au zaidi, kwa sababu kila ukurasa wake ni picha na picha ndizo zinazochosha kompyuta. Faili la maandishi matupu litakudanganya kwamba kila kisomaji ni chepesi.

Zima kompyuta, iwashe, subiri itulie. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua "Task Manager", kisha bofya neno "Memory" ili programu zijipange kwa ukubwa wa RAM zinayokula. Sasa fungua faili lako na uhesabu sekunde mpaka ukurasa wa kwanza uonekane. Angalia pia majina yanayojitokeza kwenye orodha. Kisomaji kizito mara nyingi hakiji peke yake. Huja na wasaidizi wawili watatu, na ni lazima uwajumlishe wote.

Funga faili. Je, wasaidizi wameondoka? Kwangu walibaki. Nenda kwenye sehemu ya "Startup" humo humo uone kama kisomaji kimejiandikisha kuwaka pamoja na kompyuta. Andika namba zote daftarini, utazilinganisha baadaye.

Hatua ya 3: Chagua kwa kazi yako

Kwa Windows mimi natumia SumatraPDF, na sioni aibu kuisifu. Ilianza mwaka 2006 kwa kazi ya Krzysztof Kowalczyk, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Toleo 1.0 la mwaka 2009 lilikuwa na faili la kusakinishia la MB 1.2 hivi. Imekua tangu hapo, lakini hata toleo 3.1.2, lililofuata miaka mingi baadaye, lilikuwa faili moja la MB 6 tu. Kwa bando la siku unaipakua na chenji inabaki. Inafungua PDF, na pia vitabu vya EPUB na MOBI, na mafaili ya aina ya DjVu, XPS na CHM. Ukurasa wenyewe huchorwa na MuPDF, programu ndogo iliyomo ndani yake, ambayo ni nyepesi na ya haraka.

Ukiwa na Linux, Evince inatosha watu wengi. Anayependa kuongoza kila kitu kwa vitufe ajaribu Zathura.

Kivinjari je? Firefox inafungua PDF yenyewe tangu 2013, na kama tayari iko wazi kwa kazi nyingine, tumia tu. Lakini kuwasha kivinjari kizima kwa ajili ya kuprinti cheti cha kuzaliwa ni kurudi kule kule tulikotoka.

Kwa mafaili ya Word, Sumatra haitakusaidia. Mwombe mteja, kama faili liko kwenye simu yake, alihifadhi kama PDF kabla ya kukutumia. Utaokoa muda, na mpangilio wa CV yake hautavurugika kwa sababu fonti aliyotumia huna.

Hatua ya 4: Pakua kutoka kwa wenyewe

Andika mwenyewe kwenye kivinjari: sumatrapdfreader.org. Usitafute kwenye Google ukabofya tangazo la juu. Programu za bure huchukuliwa na watu wengine, wakazifunga pamoja na takataka za matangazo, wakaziweka kwenye tovuti zenye vitufe vikubwa vya kijani. Nimeshasafisha kompyuta za wenzangu kwa sababu hiyo.

Utakuta aina mbili. Moja ya kusakinisha, nyingine ni faili moja unaloliweka kwenye folda na kulibofya, basi. Chukua hiyo ya pili kwa majaribio, hata kwenye flashi inakaa. Angalia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64: bofya kulia "This PC", chagua "Properties", utaona imeandikwa. Mwenye Windows XP, toleo 3.1.2 ndilo la mwisho kufanya kazi kwako, nalo bado linapatikana hapo hapo.

Rudia kipimo cha hatua ya 2 kwa faili lile lile. Usibadilishe chochote kabla ya kuona tofauti kwa macho yako.

Hatua ya 5: Ifanye ndiyo ya kwanza kuitwa

Bofya kulia faili lolote la PDF, chagua "Open with", kisha "Choose another app", tafuta Sumatra, na uweke alama ya kuitumia daima. Tangu Windows 10, programu haiwezi kujipa nafasi hiyo yenyewe. Ni lazima wewe mwenyewe uithibitishe. Baada ya sasisho kubwa la Windows hakikisha bado iko hivyo, maana Edge, kivinjari cha Windows yenyewe, hupenda kujirudisha.

Hatua ya 6: Linda nyaraka za wateja

Hapa nakuomba usome taratibu. Ukifungua Sumatra bila faili, ukurasa wake wa mwanzo unaonyesha picha ndogo ndogo za nyaraka zilizofunguliwa karibuni. Nyumbani ni jambo zuri. Steshenari ni hatari. Nililigundua siku kijana mmoja alipokaa mbele ya kioo akasubiri kuprinti barua ya maombi ya kazi, na nyuma ya kidole chake kulikuwa na picha ya hati ya mshahara ya mwalimu aliyetoka dakika kumi kabla. Jina linasomeka. Kiasi kinasomeka. Mwalimu yule aliniamini na karatasi yake, na mimi nilikuwa nimeibandika ukutani bila kujua.

Fanya hivi. Fungua menyu ya "Settings", kisha "Advanced Options". Litafunguka faili la maandishi la kawaida. Tafuta mistari hii miwili uiandike hivi:

RememberOpenedFiles = false
ShowStartPage = false

Hifadhi, funga. Kisha futa folda inayoitwa sumatrapdfcache, ambamo picha zile ndogo hukaa. Kama unatumia aina ya faili moja, folda hiyo iko pembeni ya programu yenyewe. Kama uliisakinisha, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %LOCALAPPDATA%\SumatraPDF, itakufikisha.

Haya hayafuti faili lenyewe ulilopakua. Kitambulisho cha mtu kilichobaki kwenye folda ya "Downloads" bado kipo. Mimi hufuta folda hiyo kila jioni kabla ya kufunga mlango, kisha nasafisha na pipa la taka.

Hatua ya 7: Kuprinti

Udhaifu wa Sumatra ni lazima niuseme: kabla ya kuprinti, hugeuza kila ukurasa kuwa picha. Kwa hiyo kazi inayokwenda kwenye printa ni nzito kuliko kawaida, na printa yenye kumbukumbu ndogo inaweza kusuasua kwenye kitabu cha kurasa mia mbili. Dawa yake ni kuikata kazi: printi kurasa 1 mpaka 20, subiri, kisha 21 mpaka 40. Kwa fomu na vyeti hutaona shida yoyote.

Tatizo jingine ni karatasi. Mafaili mengi yametengenezwa kwa saizi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279, na sisi tunaprintia A4, yenye 210 kwa 297. Letter ni pana zaidi, ndiyo maana pembeni hukatwa. Chagua kufinya ukurasa uenee kwenye karatasi, na mhuri wa pembeni hautapotea.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Siku ya fomu za shule, mzazi anaweza kuja na mafaili manne: maelekezo, fomu ya afya, mkataba, kanuni. Badala ya kufungua moja moja, weka yote kwenye folda moja, pamoja na nakala ya Sumatra ya faili moja ambayo umeibadili jina kuwa SumatraPDF.exe. Fungua Notepad, andika mstari huu mmoja:

for %%f in (*.pdf) do SumatraPDF.exe -print-to-default -print-settings "fit,paper=A4" "%%f"

Hifadhi humo kwa jina printi.bat. Ukilibofya mara mbili, kila PDF iliyomo inakwenda kwenye printa yako ya kawaida, moja baada ya nyingine, bila dirisha la Sumatra kufunguka. Ukitaka nakala mbili za kila moja, ongeza 2x ndani ya alama za nukuu, hivi: "2x,fit,paper=A4". Jaribu kwanza na faili la ukurasa mmoja. Na ukimaliza na mteja, toa mafaili yake kwenye folda kabla ya kuingiza ya mwingine, la sivyo utaprinti ya watu wawili kwa karatasi zako mwenyewe.

Hatua ya 8: Mambo ambayo chepesi hakiwezi

Sumatra haijazi fomu, na haithibitishi saini za kidijitali. Kosa langu mwanzoni lilikuwa kufuta kila kitu kingine kwa hamasa. Siku moja dada mmoja akaleta fomu ya maombi ya chuo cha nje, nikaifungua, ukaja ukurasa mweupe wenye maneno ya Kiingereza yanayoanza "Please wait". Nikasubiri kweli, na yeye akasubiri. Maneno yale hayaondoki hata ukikaa mpaka jioni. Ni dalili kwamba fomu imetengenezwa kwa mfumo wa XFA, na kisomaji ulichonacho hakiujui.

Siku hizi nikiyaona sisubiri. Firefox inajaza fomu za kawaida za PDF, na tangu toleo 93 la mwaka 2021 inafungua na hizi za XFA. Namwambia mteja, "Dada, fomu hii ni ya kujaza, tuifungue kwingine," naiburuta kwenye Firefox, anaandika, tunaihifadhi, tunaiprinti. Kwa nyaraka zenye saini ya kidijitali inayotakiwa kuthibitishwa, kama mikataba ya zabuni, nimebakiza kisomaji kikubwa kwenye kompyuta moja tu, ile yenye RAM nyingi, na nimekizuia kwenye "Startup" kisiwake mpaka nikiite.